Kampuni za podikasti: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake

Goma, Bukavu, Beni ama Bunia, vijana wawili watatu wenye kompyuta wakikutana, kuna maneno ambayo hayakosi: tutengeneze programu ya podikasti, tuiweke kwenye simu, wasikilizaji watakuja wenyewe. Baada ya hapo mradi unaandikwa kwa Kifaransa kizuri, neno « déplacés » linatiwa katika kila ukurasa ili mfadhili aguswe moyo, alama ya kampuni inachorwa, fulana zinachapwa. Msikilizaji mwenyewe, yule mama aliyetoka Masisi na kulala katika darasa la shule ama katika nyumba ya jamaa, hajaulizwa swali hata moja.

Maneno hayo si ya kweli. Wasikilizaji hawaji wenyewe. Na kampuni ya namna hiyo ikianguka, anayepata hasara kubwa si yule aliyeandika mradi. Ni yule aliyeambiwa « sema, sauti yako itafika », akasema, halafu sauti yake ikapotea.

Kwa asiyezoea neno hili: podikasti ni kipindi cha sauti ambacho hakingojei saa ya redio. Kinarekodiwa, kinawekwa kwenye intaneti, na mwenye simu anakipakua na kukisikiliza wakati anaotaka. Programu ya podikasti ni chombo kinachosaidia kurekodi, kutafuta, kupakua na kusikiliza vipindi hivyo. Ni kazi nzuri. Watu wa Kivu na Ituri wanapenda sauti kuliko karatasi, na lugha zao nyingi, Kinande, Mashi, Kihunde, Kilega, zinasemwa zaidi kuliko zinavyoandikwa. Lakini kazi nzuri inaharibika mikononi mwa mtu asiyejua anamfanyia nani.

Mfano upo, na ni wa watu waliokuwa na kila kitu ambacho vijana wa hapa hawana.

Mwaka 2005, katika mji wa San Francisco, Marekani, ilizaliwa kampuni ndogo iliyoitwa Odeo. Waanzilishi wake walikuwa Noah Glass na Evan Williams. Glass alikuwa ametengeneza AudioBlogger, chombo chepesi sana: mtu anapiga simu kwenye namba fulani, anasema, na sauti yake inaingia kwenye blogu yake. Williams alikuwa mmoja wa waliotengeneza Blogger, ambayo Google iliinunua mwaka 2003. Alikuwa na jina, alikuwa na pesa, na alijua wenye pesa. Neno « podcasting » lenyewe lilikuwa changa, liliandikwa gazetini Uingereza mwaka 2004. Odeo ilipotangazwa Februari 2005, hata New York Times iliandika habari zake. Wawekezaji, wakiongozwa na Charles River Ventures, walileta karibu dola milioni 5. Umeme haukukatika. Intaneti ilikuwa ya kasi. Barabara ya kwenda kazini haikuwa na kizuizi cha watu wenye silaha.

Na bado Odeo ilishindwa.

Wengi wanasema ilishindwa kwa sababu ya Apple. Ni kweli kwamba tarehe 28 Juni 2005 Apple ilitoa iTunes 4.9, yenye orodha ya podikasti zaidi ya 3,000 ndani yake, bure. Katika siku mbili tu, Apple ilitangaza kwamba wasikilizaji wamejiandikisha kwa vipindi zaidi ya mara milioni moja. Kampuni ndogo yenye watu kumi na kadhaa ilikuta mlango wake umezibwa na ukuta wa mtu mwenye mamilioni ya iPod mifukoni mwa wateja.

Lakini Apple haikuwa ugonjwa wenyewe, ilikuja tu kuuonyesha. Ugonjwa ulikuwa ndani, na Williams mwenyewe aliusema hadharani mwaka 2006 alipohesabu makosa yake mbele ya watu wa kazi hiyo. Walijaribu kujenga vitu vingi mno. Walichelewa kubadilika. Walichukua pesa nyingi mapema mno. Na kosa kubwa kuliko yote: hawakuwa wanajitengenezea watu kama wao wenyewe. Waliotengeneza Odeo hawakuwa wasikilizaji wa podikasti. Jioni, kazi ikiisha, walikwenda nyumbani kufanya mambo mengine. Walikuwa wanapika chakula wasichokila.

Waswahili walikwisha kusema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Asiyesikiliza hawezi kujua kwamba kipindi ni kirefu mno, kwamba kitufe kimefichwa, kwamba kupakua kunakatika katikati na kuanza upya. Anakisia. Na kwa sababu anakisia, anaongeza. Odeo ilitaka kuwa mahali pa kutafuta vipindi, pa kuvisikiliza, pa kujiandikisha, pa kurekodi ndani ya kivinjari, na pa kuvihamishia kwenye kichezeo cha mfukoni, vyote kwa wakati mmoja. Kila kitu kilikuwa nusu. Glass alikuwa ameanza na kitu kimoja kilichoeleweka na kila mwenye simu: piga, sema, sauti inafika. Kutoka hapo kampuni ikapanda mlima wa vitu kumi.

Sasa turudi Kivu.

Ikiwa watu wa San Francisco, wanaoishi mtaa mmoja na wateja wao, waliweza kukosa kumjua msikilizaji, je, kijana anayekaa ofisini Goma na kuandika programu kwa ajili ya mtu aliyekimbia Rutshuru atamjua vipi bila kwenda kumwona? Hesabu ndogo inatosha kuonyesha umbali ulio kati yao. Kipindi cha dakika 10 kilichorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde kinakula karibu mega 10. Kipindi hicho hicho kikiwekwa kwa kilobiti 32, sauti ya mtu anayesema bado inasikika vizuri, na kinakula chini ya mega 2 na nusu. Anayeunganisha simu yake na Wi-Fi ya ofisi haoni tofauti. Anayenunua mega kwa faranga chache, baada ya kuamua kama leo ni mega ama ni chumvi, anaiona mara moja.

Halafu kuna betri. Mama huyo analipa ili simu yake ichajiwe kwenye kibanda. Programu inayoamka kila saa kutafuta vipindi vipya inamla chaji aliyoilipia. Halafu kuna simu yenyewe. Katika familia nyingi za wahami simu ni moja, mara nyingi ni ya vitufe, yenye redio na pahali pa kadi ya memori, na inashikwa na watu watano. Programu inayodai kila mtu afungue akaunti yake kwa anwani ya barua pepe imemfukuza mlangoni kabla hajaketi. Halafu kuna maandishi. Programu iliyojaa menyu za Kifaransa inamwambia bibi asiyejua kusoma kwamba chombo hiki cha sauti si chake.

Mambo haya hayahitaji utafiti wa miaka miwili. Siku moja ya kukaa chini na familia moja inatosha. Atakayekaa ataona pia kwamba watu hawa tayari wana mtandao wao wa kusambaza sauti. Wanatumiana kwa WhatsApp pale mega zinapopatikana. Wanapitishiana kwa Bluetooth bila kulipa kitu. Wanakwenda kwa kijana wa kibanda anayejaza nyimbo na mahubiri kwenye kadi. Kadi ya giga 8 inabeba zaidi ya vipindi 3,000 vya dakika 10 kwa kilobiti 32. Na redio ipo. Tangu mwaka 2002 Radio Okapi inasema kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, na kando yake kuna redio za jamii ambazo watu wanazijua kwa majina ya watangazaji wao. Kampuni changa yenye akili ingeanza hapo: kumsaidia yule kijana wa kibanda apate vipindi vipya kila asubuhi, vyepesi, vyenye majina yanayoeleweka. Kazi hiyo haipendezi kwenye picha za mradi, lakini ndiyo inayomfikia mtu.

Kuna wanaojibu kwamba mambo hayo ni ya zamani, kwamba dunia inakwenda mbele na Wakongo nao wanastahili vitu vya kisasa. Jibu liko katika siku za mwisho za Januari 2025, vita vilipoingia Goma. Umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti ikawa ya kubahatisha. Siku hizo ndizo watu walihitaji habari kuliko siku nyingine zote: barabara gani inapitika, hospitali gani inapokea, mtoto aliyepotea ameonekana wapi. Programu isiyoweza kufunguka bila mtandao ilikuwa pambo tu siku hizo. Kilicho cha kisasa ni kile kinachofanya kazi siku ya shida.

Jibu la pili linatoka kwa wale waliosoma vitabu vya biashara. Wanasema: kushindwa ni shule, tazama, Odeo ilikufa lakini ilizaa Twitter. Ni kweli ilizaa. Mwanzoni mwa 2006, Odeo ikiwa imepoteza njia, wafanyakazi walipewa nafasi ya kujaribu mawazo mapya. Mmoja wao, Jack Dorsey, alikuja na wazo la kutuma ujumbe mfupi wa kueleza mtu anafanya nini, kwa SMS. Machi 2006 ujumbe wa kwanza ulitumwa, na Julai mwaka huo watu wote walifunguliwa mlango. Na tazameni tofauti: Twitter waliitumia wenyewe tangu siku ya kwanza. Walitumiana ujumbe wao kwa wao, wakacheka, wakarekebisha. Safari hii kitanda walikilalia. Kwa hiyo mfano huo hauwatetei wanaojenga wasichokitumia. Unawahukumu.

Zaidi ya hapo, shule ya kushindwa ina ada, na ni lazima kuuliza nani anailipa. Oktoba 2006 Williams aliinunua Odeo kutoka kwa wawekezaji wake na kuwarudishia pesa zao. Aliweza kwa sababu alikuwa amekwisha kuuza Blogger. Hakuna kijana wa Bukavu mwenye mto wa namna hiyo wa kuangukia. Noah Glass, aliyeanzisha yote, aliondolewa mwaka huo huo, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa hadithi ya Twitter ilipokuwa ikisimuliwa. Odeo yenyewe iliuzwa mwaka 2007, na huduma ile ya kwanza haipo tena. Marekani, aliyeweka kipindi chake cha mapishi huko alikipeleka pahali pengine. Lakini mzee wa Walikale aliyerekodiwa akihesabu majina ya waliouawa katika kijiji chake, sauti yake ikipotea pamoja na kampuni, nani atamrudishia? Huenda mwakani hayupo tena wa kurudia.

Hapo ndipo neno zito kuliko yote: sauti hizi ni za nani?

Jambo moja liliiokoa podikasti yenyewe wakati Odeo inakufa. Podikasti haikuwa mali ya Odeo, wala ya Apple. Ilisimama juu ya RSS, mfumo wa wazi ambao haumilikiwi na kampuni yoyote. Mwenye kipindi anaweka faili zake pahali anapotaka, anatoa anwani moja, na programu yoyote duniani inaweza kukisoma. Ndiyo sababu Google ilipofunga programu yake ya podikasti mwaka 2024, vipindi havikufa. Wasikilizaji walihamia programu nyingine na vipindi vikawafuata. Kampuni ikifa, kipindi kinaishi.

Anayekuja na programu mpya Kivu, akafungia sauti za watu ndani yake, akakataa zisitoke kwa RSS wala zisinakiliwe kwenye kadi, anafanya jambo baya hata kama nia yake ni njema. Amechukua kitu cha watu na kuondoka na ufunguo. Mfadhili anayelipia kazi hiyo bila kuuliza ufunguo uko wapi ni mshirika wake.

Na kuna hatari ambayo Odeo haikuwahi kuifikiria. Hapa, sauti inaweza kumtambulisha mtu. Mama anayeeleza nani alichoma nyumba yake, na jina la kijiji likiwa kwenye kichwa cha kipindi, anaweza kutafutwa. Simu inapekuliwa kwenye kizuizi. Wanaotengeneza programu wanapenda kuhesabu: watu wangapi, wako wapi, walisikiliza saa ngapi, kutoka simu gani. Hesabu hizo zinapendeza katika ripoti ya mfadhili. Lakini orodha inayoonyesha nani alisikiliza kipindi gani, akiwa wapi, ni silaha inayongoja kuokotwa. Kampuni changa isiyojua kulinda orodha isiiandike. Kisichoandikwa hakiibiwi.

Bado kuna jibu la tatu, na hili lina haki yake: bila pesa hakuna kazi. Vijana wanakula, kompyuta zinaharibika, maikrofoni haianguki kutoka mbinguni. Mkono mtupu haulambwi. Hakuna anayewataka wafanye kazi bure. Lakini kuna pesa ya kuanzia na kuna pesa ya kufungia macho. Williams alikiri kwamba pesa nyingi ilikuja mapema mno. Kampuni ikiwa na pesa kabla ya kuwa na msikilizaji, mwenye pesa ndiye anakuwa msikilizaji wake. Kila uamuzi unapimwa kwa swali « mwekezaji atapenda? » Katika mashariki mwa Kongo jambo hilo limezoeleka katika miradi mingi: mradi unaishi miezi kumi na miwili, unazinduliwa kwa hotuba na soda, na mwezi wa kumi na tatu tovuti haifunguki. Wahami wamekwisha kuhesabu miradi mingi kuliko magunia ya unga.

Basi kampuni changa ifanye nini katika siku zake za mwanzo? Jambo moja dogo, likamilike. Itafute familia ishirini, zisiwe za ofisini. Irekodi kipindi kimoja kwa wiki, cha dakika zisizozidi kumi, kwa lugha wanayoilalia na kuiamkia. Ikiweke kwa kilobiti chache, ikipeleke kwa kadi na kwa Bluetooth, halafu irudi wiki inayofuata kuuliza: nani alisikiliza hadi mwisho? Nani aliacha katikati, na kwa nini? Kipindi kilipita mikono mingapi? Wenye kampuni nao wakisikilize, kwenye simu ile ile ya bei ndogo, betri ikiwa imebaki kidogo. Kama wao wenyewe wanachoka, waache na waanze upya. Baada ya miezi mitatu watajua zaidi ya walichojua watu wa Odeo na dola zao milioni 5. Ndipo waandike programu, kama bado inahitajika. Huenda watagundua kwamba inayohitajika ni namba ya simu tu: piga, sema, sauti inafika. Pale pale alipoanzia Glass.

Nanyi wasikilizaji, nanyi familia zilizo mbali na nyumba zenu, msikubali kuwa picha ya ukurasa wa mbele wa mradi wa mtu. Akija mtu na maikrofoni na kusema « tunawaletea podikasti », mpeni kiti, mpeni maji, halafu mwulizeni maswali matatu. Je, wewe mwenyewe unakisikiliza kipindi chako? Ofisi yako ikifungwa kesho, sauti yangu nitaipata wapi? Na simu yako ikipekuliwa njiani, nani ataonekana ndani yake?

Akijibu yote matatu bila kutazama chini, msaidieni, maana huyo amekuja kufanya kazi. Akianza kueleza habari za alama ya kampuni na fulana, mwacheni amalize maji yake, mwageni kwa heshima, na mrudi kwenye redio yenu.